Tuonyesheni Mlichofukia

Hotuba kwa wazee wa mitaa, wanafunzi wa mipango miji na maafisa afya, Arusha

Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mliofunga vibanda sokoni mkaja hapa mchana wa biashara, asanteni sana. Vijana mliosimama kule mlangoni kwa kukosa viti, nitajitahidi nisiwachoshe miguu.

Nianze na meno yangu. Walioketi mbele wameshayaona. Kwa walio nyuma, ni ya kahawia, na rangi hiyo si ya sigara wala ya gongo. Mimi ni mzaliwa wa Maji ya Chai. Mtu wa kwetu akipotea mjini hahitaji kitambulisho, acheke tu, atarudishwa nyumbani. Maji tuliyokunywa utotoni yalitoka kisimani maangavu kama kioo, ya baridi, matamu, na ndani yake mlikuwa na floraidi iliyoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkeno ya Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi kiwango cha nchi yetu kiliruhusu hadi 4, maana wangeushusha mstari huo, vijiji vizima vya ukanda huu vingebaki bila tone la maji halali. Wengine wetu yaliharibika meno tu. Wengine, mnawafahamu, ni miguu.

Sasa nimeombwa nizungumzie kambi za jeshi zilizofungwa, namna ardhi yake inavyosafishwa na kurudishwa kwa wananchi. Mtasema mzee kapotea njia. Sijapotea. Anayeijua floraidi ameshaielewa nusu ya mada. Anajua kwamba kinachokudhuru kinaweza kuwa hakina rangi wala harufu, na aliyekuchimbia kisima akawa na nia njema kabisa.

Kambi iliyofungwa hamna haja ya kupanda ndege kwenda kuiona. Wengi mmepita ubavuni mwake mkija hapa. Boma letu, lile lenye kuta nyeupe karibu na jengo la mikutano la AICC, lilikuwa ngome ya jeshi la Wajerumani. Lilijengwa kufikia mwaka 1900, baada ya misafara ya kijeshi iliyochoma nyumba na kupora ng'ombe, na mawe yake yalibebwa na Waarusha na Wameru waliolazimishwa. Mwaka huohuo, tarehe 2 Machi, kule Old Moshi, Mangi Meli alinyongwa na jeshi hilohilo. Leo Boma ni makumbusho ya elimu viumbe. Watoto wa shule wanaingia kwa foleni wakiwa na mabegi mgongoni, wanajifunza asili ya binadamu mahali ambapo babu wa babu zao waliingia wakiwa wamefungwa kamba.

Kwa hiyo kugeuza kambi kuwa kitu cha jamii si mawazo ya kuletwa na wageni. Tumeshafanya. Iringa nao boma lao, lililojengwa 1914 kuwa hospitali ya jeshi la Wajerumani, tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Kule Kongwa, ambako wapigania uhuru wa Kusini walikuwa na kambi yao miaka ya 1960, majengo yakatumika kwa shule ya sekondari. Mazimbu, Morogoro, ambako chama cha ANC cha Afrika Kusini kiliwajengea vijana wake waliokimbia nyumbani shule na makazi, kilikabidhi kila kitu kwa nchi yetu mwaka 1992, na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Na hapa jirani, Tengeru, wakati wa vita kuu ya pili kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland karibu 5,000. Siyo kambi ya askari, ninajua, lakini nayo ilifungwa. Pale sasa pana chuo cha mifugo, na makaburi yao bado yanafagiliwa.

Lakini jamani, ngome ya mwaka 1900 ilikuwa na nini? Bunduki, baruti, nyumbu, mpishi. Uchafu mkubwa wa Boma ulikuwa dhuluma, na huo hauchimbwi kwa katapila. Kambi ya nusu ya pili ya karne iliyopita ni kitu kingine. Ina karakana ambamo injini zilioshwa grisi kwa viyeyusho vikali, na vikiisha kutumika vilimwagwa nyuma ya ukuta. Ina matangi ya mafuta yaliyofukiwa yakaoza. Ina transfoma zenye mafuta ya sumu, mapaa na mabomba yaliyovishwa asbesto, dampo lisilo na orodha. Ina uwanja wa shabaha ambao tuta lake limejaa risasi zilizopigwa miaka 50, na mnajua Kiswahili chetu, risasi ya bunduki na madini ya risasi ni neno moja, na hapo lugha haikukosea. Kama ilikuwa na ndege, ina uwanja wa mazoezi ya zimamoto, ambapo povu lilimwagwa kila wiki likanywewa na ardhi.

Tuelewane mapema. Sizungumzii kambi zilizo hai. Jeshi letu lina kazi zake na mipaka yake, na mimi si mtu wa kuchungulia uzio. Nazungumzia siku askari wa nchi yoyote anapofunga virago, na mtu anayebaki na ardhi ni wewe.

Naomba sasa niungame.

Miaka ya 1990 nilikuwa afisa afya, bwana afya kama mlivyokuwa mkituita, katika wilaya moja ya ukanda huu. Taasisi moja, ambayo sitaitaja, iliwapa wananchi kiwanja kilichokuwa yadi yake ya magari. Hawakuwa wanajeshi, lakini yadi ya magari makubwa ni yadi tu. Kiwanja kizuri, tambarare, kina uzio tayari. Kijiji kikataka shule. Karatasi ya afya ililetwa mezani kwangu, nikatembea pale nusu saa, nikaona nyasi zimeota vizuri, nikasaini. Siku ya makabidhiano tulikula pilau. Nilishika sinia lenye mkasi wa kukatia utepe.

Kisima kilichimbwa mwaka uliofuata. Watoto ndio waliosema kwanza. Walisema maji "yananukia taa". Walimu wakadhani ni utundu, labda kuna mtoto kamwaga mafuta ya taa ndooni. Wakabadilisha ndoo. Yakanukia tena. Nilipoitwa nikaonja, nikajua. Nikaenda kwenye taasisi kuomba mafaili ya yadi. Nikaambiwa mafaili yalihama na ofisi, ofisi nayo imehama. Nikarudi mikono mitupu. Aliyenisaidia ni mlinzi wa zamani, mzee aliyekuwa akiuza miwa barabarani. Hakuuliza kitu. Alinishika mkono akanipeleka mpaka chini ya mgrevilea, akapiga ardhi kwa kisigino, akasema, "Mwanangu, hapa walimwaga oili chafu miaka kumi na mbili. Hakuna aliyeniuliza."

Kisima kilikuwa hatua 40 kutoka pale.

Tulikifunga. Mama zao wakarudi kwenye foleni ya mto. Mimi sikuadhibiwa, nilipandishwa cheo baada ya miaka miwili. Lakini tangu siku hiyo, kila niliposikia eneo fulani linarudishwa kwa wananchi, sikuuliza linarudishwa lini. Niliuliza daftari liko wapi.

Mkidhani hayo ni ya nchi maskini zisizotunza mafaili, nawapeleka New Hampshire, Marekani. Kulikuwa na kambi ya ndege za mabomu iitwayo Pease. Vita baridi ilipoanza kupoa, Marekani iliamua kupunguza kambi zake, ikafanya hivyo kwa awamu: 1988, 1991, 1993, 1995, kisha 2005. Pease ilikuwa miongoni mwa za mwanzo, ilifungwa 1991. Walijua kuna uchafu. Wakachimba, wakapima, wakasafisha viyeyusho na mafuta, na eneo likageuzwa kituo kikubwa cha biashara. Ofisi, viwanda, vyuo, mpaka shule za kulelea watoto wadogo. Watu walikuwa wakija kutoka majimbo mengine kujifunza namna ya kufufua kambi.

Mwaka 2014 mtu akapima maji ya kisima kimoja kwa kitu ambacho hapo mwanzo hakuna aliyekipima, kemikali za jamii ya PFAS, zilizokuwa ndani ya povu la zimamoto. Zikakutwa nyingi mno, kisima kikafungwa mara moja. Watoto wa zile shule za malezi walikuwa wakinywa maji hayo, wakichanganyiwa nayo maziwa. Kemikali hizi haziozi. Zikiingia mwilini zinakaa miaka. Mwaka 2024 serikali ya Marekani iliweka ukomo wa aina mbili kati yake katika maji ya kunywa: nanogramu 4 kwa lita. Kwa walimu wa hesabu mliomo humu, floraidi tunaipima kwa miligramu, na nanogramu ni sehemu moja ya milioni ya miligramu.

Nani alisukuma mpaka watu wapimwe damu? Akina mama. Mama wa watoto waliolelewa pale alianza kuuliza, akajibiwa kwa upole kwamba hakuna haja, akauliza tena, akakusanya wenzake, wakabisha hodi kila ofisi. Mwishowe jimbo likawapima damu watu zaidi ya 1,500. Hawakuwa na digrii za kemia. Walikuwa na watoto.

Kinachonivutia zaidi kwenye habari ya Pease ni kile kilichofuata. Jeshi la anga lilirudi. Lilirudi na mitambo ya kuchuja maji na likalipa, miaka zaidi ya 20 baada ya kuondoka. Lilirudi huku kuna kifungu kinalibana. Sheria yao ya mwaka 1980 ya kusafisha maeneo yenye sumu inasema kwamba serikali kuu inapogawa ardhi ya aina hii lazima iandike ndani ya hati yenyewe kilichohifadhiwa au kumwagwa pale, na iahidi kwamba uchafu wake ukigundulika baada ya makabidhiano, itarudi kuusafisha kwa gharama yake. Wazee, nimesoma mikataba mingi maishani. Kifungu hicho ndicho ninachokionea wivu. Hakisemi eneo ni safi. Kinasema tukikosea, mlango wetu mnaujua.

Sasa jeshi hilohilo, nchi nyingine. Ufilipino walikuwa na kambi mbili kubwa za Wamarekani, Clark ya ndege na Subic ya meli. Mwaka 1991 mlima Pinatubo ulilipuka ukaifunika Clark kwa majivu, na miezi michache baadaye baraza la seneti la Ufilipino likakataa mkataba mpya kwa kura 12 dhidi ya 11. Wamarekani wakaondoka Clark mwaka huo, Subic mwaka uliofuata. Watu walicheza barabarani, na walikuwa na haki ya kucheza. Lakini mkataba wa zamani, wa mwaka 1947, haukuwa na neno la kumlazimisha anayeondoka asafishe, na Wamarekani wakashikilia hapohapo: mkataba hautudai.

Na familia zilizofukuzwa na volkeno, zisizo na pa kwenda, zilihifadhiwa ndani ya Clark, sehemu iliyokuwa karakana na maegesho ya magari ya jeshi. Maelfu ya watu. Wakachimba visima, wakanywa, wakapikia uji. Baadaye ndipo yakaanza malalamiko ya magonjwa, ya mimba kuharibika, ya watoto kuzaliwa dhaifu, na vipimo vya maji vikaonyesha mafuta na metali. Subic leo ni bandari huru yenye viwanda na hoteli, wenyeji wanaisifu na wana sababu. Lakini ninyi linganisheni wenyewe kisima cha Pease na kisima cha Clark. Askari ni wa bendera moja, viyeyusho na povu ni vya aina moja. Kilichotofautiana ni karatasi.

Msiseme Ufilipino ni mbali. Vukeni mpaka wa Namanga. Upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, Archers Post na Dol Dol, jeshi la Uingereza limefanya mazoezi kwa miongo mingi. Mabomu ambayo hayakulipuka yalibaki kwenye malisho. Watoto wa Wamaasai na Wasamburu, wachunga mbuzi kama tulivyokuwa sisi, waliyaokota wakidhani ni vyuma vya kuchezea. Wengine walikufa, wengine wakapoteza mikono na macho. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa fidia ya pauni milioni 4.5. Sisi tuliokulia njia ya kwenda Taveta, ambako Waingereza na Wajerumani walipigana 1916, tulikuwa tukiokota maganda ya risasi na kuyafanya filimbi. Nikikumbuka ninashika kichwa. Na waliokuwa Dar es Salaam 2009 maghala ya mabomu ya jeshi ya Mbagala yalipolipuka, au 2011 ilipokuwa zamu ya Gongo la Mboto, hawahitaji nielezee chuma kilichoanguka uani kwa jirani kinafananaje.

Hapa niwasifie panya. Ndiyo, panya. Morogoro pale Sokoine, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa baruti iliyofukiwa. Ni mwepesi, hawezi kulipua bomu kwa kulikanyaga, na hababaishwi na misumari na vizibo vya soda kama mashine ya kutafuta chuma. Eneo la uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye mashine anaweza kuchukua siku nne. Panya hawa walikuwa sehemu ya kazi ya Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa huru na mabomu ya ardhini mwaka 2015. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alifanya kazi Kambodia akavishwa medali ya dhahabu ya shirika moja la Uingereza mwaka 2020. Sisi tunamtegea mitego shambani, wenzetu wanamvisha medali. Ninachotaka kusema ni kwamba ujuzi wa kusafisha ardhi ya jeshi hauhitaji kuagizwa wote kutoka nje. Mwingine uko umbali wa basi moja kutoka stendi yetu.

Kijana mmoja aliniuliza kabla hatujaanza, "Mzee, kazi yenyewe inachukua muda gani?" Swali zuri, maana wanasiasa watawaambia miezi sita. California kuna kambi iitwayo Fort Ord, iliyoanza 1917, ekari zipatazo 28,000 kando ya bahari. Ilifungwa 1994, na mwaka uliofuata tu chuo kikuu kikafungua milango ndani yake, mabweni ya askari yakawa ya wanafunzi. Hapo ni haraka ya kupigiwa makofi. Lakini sehemu nyingine za ekari hizo zilikuwa viwanja vya mizinga, vichaka vinene vilivyoficha makombora. Ili wayaone ilibidi wachome vichaka kwa zamu, kipande kwa kipande, na moshi, si Moshi yenu, ndugu zangu wa Kilimanjaro, moshi wa moto, ukaingia majumbani kwa watu. Wakalalamika. Ikawa lazima wapewe taarifa kabla ya kila uchomaji. Kwenye vilima vya mchanga wa ufukweni walichekecha mchanga kutoa risasi, leo ni hifadhi watu wanatembea. Mwaka 2012 sehemu kubwa ya vilima vya ndani ikatangazwa hifadhi ya taifa, na bado kukawa na vipande vyenye uzio na bango la fuvu. Chuo mwaka mmoja, vichaka miongo. Atakayewaambia eneo lote litakuwa tayari siku moja, muulizeni lipi.

Kuna mengine ya kule niliyoyapenda. Kambi nyingi ziliundiwa bodi za wakazi kukaa mezani na jeshi na wasafishaji. Na wakala wao wa mazingira una fungu, hadi dola 50,000 kwa kuanzia, ambalo kikundi cha wakazi kinaweza kuomba kimwajiri mtaalamu wake, asiyekula mshahara wa mchafuzi, awasomee ripoti na kuwatafsiria. Ripoti ya maji ya ardhini ina kurasa 600. Mkabidhi mwenyekiti wa mtaa kurasa 600 siku mbili kabla ya kikao halafu useme wananchi walishirikishwa! Tumeyaona hayo, hayahitaji kambi ya jeshi.

Vilevile, sheria yao ya 1994 inadai mahitaji ya watu wasio na makazi yazingatiwe majengo ya kambi yanapogawanywa. Kwa hapa kwetu nauliza tu: kiwanja kizuri kikiwa wazi, nani anakuwa wa kwanza kujua, mama anayepanga chumba Ngarenaro au mwenye gari la vioo vyeusi?

Berlin kuna uwanja wa ndege wa Tempelhof, hekta kama 300 katikati ya jiji, uliowahi kutumiwa na jeshi la Marekani. Ulifungwa 2008. Serikali ya jiji ikataka kujenga nyumba pembeni. Mwaka 2014 wakazi wakapiga kura, wakakataa, wakabaki na uwanja mtupu wa kurushia tiara na kuendeshea baiskeli kwenye njia za ndege. Mimi mwenyewe sijui kama ningekataa nyumba, mji ukiwa na uhaba. Lakini waliulizwa.

Nirudi kwetu, nimalizie. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Inasema mchafuzi alipe. Inadai tathmini ya athari kabla ya miradi mikubwa, na NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, ndio wenye kuisimamia. Tatizo, na hapa nawasema wenzangu wa ofisi na mimi nikiwemo, ni kwamba tathmini zetu hutazama mbele. Shule itatoa taka gani, hoteli itatumia maji kiasi gani. Ni mara chache tunamkuta mtu anauliza ardhi ilikuwa inafanya nini jana. Wanafunzi wa mipango miji, mnaandika ramani zenye rangi nzuri, makazi njano, biashara nyekundu, wazi kijani. Ongezeni ramani moja ya zamani chini yake. Mahali palipokuwa na karakana, tangi, dampo, uwanja wa shabaha, josho la ng'ombe hata, maana dawa za majosho ya zamani zilikuwa na aseniki. Hata hapo hakuna jeshi lolote, lakini kisima hakijui tofauti.

Mtaambiwa ni siri za jeshi. Kwa kambi inayofanya kazi, sawa. Kwa kambi iliyokufa, ramani ya shimo la oili chafu haimsaidii adui yeyote. Inamsaidia mchimba kisima.

Na mkiambiwa udongo mchafu umeondolewa, ulizeni umepelekwa wapi. Udongo wenye risasi haufi, unahama. Ukitoka kata hii unakwenda kata ile, na kwa kawaida unatelemka kuelekea kwa watu wasio na diwani mwenye sauti. Ulizeni pia nani anaubeba. Vijana wetu watafurahi kupata kibarua cha kuchimba, na watachimba kwa kandambili kama hakuna aliyesimamia glavu na barakoa ziandikwe kwenye mkataba.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia na la leo hii.

Yule mlinzi wa yadi alifariki zamani. Kichwa chake kilikuwa faili pekee lililobaki, na mimi nililikuta kwa bahati, akiuza miwa. Humu ukumbini nawaona wazee waliokuwa madereva, mafundi, walinzi, wapishi wa makampuni na makambi ya wakati ule, upande wa Arusha na upande wa Moshi. Pale mezani karibu na mlango kuna daftari la kaunta kwaya nne, na binti yangu amekaa nalo. Yeye ni mwalimu, mwandiko wake unasomeka. Mzee akipita amwambie tu: mahali fulani, karibu na mti fulani, mwaka fulani, tulimwaga kitu hiki, tulifukia kile. Jina si lazima. Kama hukumbuki mwaka, sema rais alikuwa nani, au mvua ilikuwaje. Ukurasa wa kwanza nimeshauandika mimi, ule mgrevilea, na hatua 40.

Chai ipo nje. Maji yake yametoka Ngurdoto, yamechujwa kwa mkaa wa mifupa, nimeyabeba mwenyewe kwenye madumu.